Kofia, Mbwa na Wivu: Maelezo juu ya Sinema Tuliyoonyeshwa

Jumamosi ya tatu ya muhula huu wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne walionyeshwa ukumbini sinema ya Kimarekani iitwayo The Awful Truth, maana yake Ukweli Unaotisha. Ni sinema ya mwaka 1937, haina rangi, na Kiingereza chake ni cha haraka haraka. Hata hivyo kicheko kilisikika mpaka jikoni. Lakini taa zilipowashwa kulizuka ubishi. Nusu ya ukumbi ilisema kwamba yule bibi alimdanganya mumewe, na nusu ya pili ikaapa kwamba hakumdanganya hata kidogo. Ubishi ule ulifuata watu mabwenini, na Jumatatu asubuhi ulikuwa bado haujakwisha. Mhariri ameniomba nieleze jambo lenyewe, nami nimekubali, kwanza kwa ajili ya wale wasioiona sinema hiyo, na pili kwa sababu nadhani pande zote mbili zilikosea swali.

Hadithi ni hii. Bwana Jerry Warriner na mkewe Lucy ni watu wa New York, wenye fedha na wasio na kazi ya kuwachosha. Mwanzoni twamwona Jerry katika klabu ya wanaume, amelala chini ya taa ya umeme inayobabua ngozi kama jua. Alimwambia mkewe kwamba anakwenda Florida kupumzika, naye hakwenda. Basi ataka uso wake ufanane na uso wa mtu aliyekaa pwani. Arudi nyumbani na marafiki zake na kapu la matunda. Mkewe hayupo. Baada ya kitambo Lucy aingia, bado amevaa nguo za karamu ya usiku uliopita, pamoja na mwalimu wake wa kuimba, Armand Duvalle. Asema gari liliwaharibikia njiani, ikawabidi kulala katika nyumba ya wageni. Jerry hasadiki. Marafiki waona haya, waaga. Ndipo Lucy anapotoa chungwa moja katika lile kapu na kuona limepigwa chapa ya California.

Kila mtu alicheka hapo, na kwa sababu ya kicheko wengi hawakuona lililopita mbele ya macho yao. Jerry hana ushahidi wowote juu ya mkewe. Ushahidi alio nao ni juu ya nafsi yake: ajua jinsi ilivyo rahisi kutunga safari, kwa kuwa siku ile ile alikuwa chini ya taa akiitunga yake. Mwongo amwazia mwenzake uongo, kama mwizi afungavyo milango mapema kuliko jirani zake. Katika Kiswahili tuna maneno mawili yanayofaa kutenganishwa. Kijicho ni kukitamani cha mwenzio. Wivu ni kuogopa kunyang'anywa ulicho nacho. Wa Jerry ni wivu, lakini umechanganyika na hesabu ya dhambi zake mwenyewe, ndiyo maana hauponi kwa maelezo.

Waamua kuachana papo hapo. Lucy ampigia simu wakili wao, naye wakili amnasihi kwa sauti ya upole kwamba ndoa ni kitu kizuri, na kila mkewe anapomwita mezani amgeukia na kumfokea. Mahakamani hawagombei nyumba wala fedha, wagombea mbwa wao, Mr. Smith. Hakimu aamuru kila mmoja amwite, mbwa achague mwenyewe. Lucy amwonyesha kwa siri kitu chake cha kuchezea, na mbwa amkimbilia. (Mbwa huyu, Skippy, alikwisha kuwa maarufu kwa sinema ya The Thin Man ya mwaka 1934, na yafaa tukiri kwamba acheza vizuri kuliko watu wengine kadhaa.) Jerry apewa ruhusa ya kuja kumtazama. Talaka haitatimia mpaka zipite siku 90. Siku hizo 90 ndizo sinema yenyewe.

Mzazi mmoja aliniuliza kama habari za talaka zafaa kuonyeshwa shuleni. Jibu langu ni kwamba watazamaji wa wakati ule walikuwa na sababu ya kuzicheka ambayo sisi hatuioni mara moja. Jimbo la New York, mpaka ilipotungwa sheria mpya mwaka 1966, lilikubali talaka kwa sababu moja tu, nayo ni uzinzi. Ikajulikana kila mahali kwamba waume na wake waliochokana walitunga ushahidi wa uongo, pengine kwa kumlipa mwanamke mgeni apigwe picha na mume hotelini, ili hakimu apate cha kuandika. Basi wale waliokaa katika sinema mwaka 1937 walijua kwamba ushahidi wa mambo ya ndoa waweza kununuliwa. Mwenye wivu hulia, "Nipe ushahidi!" Na hapa yupo mbele ya watu wanaojua thamani ya ushahidi wenyewe.

Sasa aingia mtu ambaye wanafunzi wetu walimcheka mno, nami namwonea huruma. Dan Leeson ni tajiri wa mafuta ya petroli kutoka Oklahoma, akaa na mama yake katika nyumba inayoelekeana na ile ya shangazi wa Lucy, ambako Lucy amehamia. Ampenda Lucy kwa moyo mweupe, ataka kumwoa. Hebu tukae katika kiti chake. Umechumbia mwanamke, na kila ubishapo hodi, mume wake wa zamani yupo sebuleni, ati amekuja kumtazama mbwa. Zaidi ya hayo, mama yake Dan anapotaja uvumi aliousikia juu ya Lucy, Jerry ajitolea kuwa shahidi mwema. Asema hakupata hata siku moja kumwuliza mkewe alikuwa wapi wala alikuwa akifanya nini, alijua daima. Lucy asikia maneno hayo na uso wake wabadilika, kwa sababu kila neno ni sifa na kila neno ni mwiba. Maneno yale yale, kama Jerry angaliyasema kwa kweli ile asubuhi ya machungwa, pasingekuwa na talaka.

Dan hajui lolote la hayo. Wazee walisema mwenye kovu usidhani kapoa, naye alidhani Lucy kapoa. Ralph Bellamy, aliyemwigiza, aliwekwa katika orodha ya waliopendekezwa kupata tuzo ya Academy kwa kazi hii, na kwa maoni yangu alistahili, maana ni vigumu kuigiza mtu mwema asiyefaa kwa jambo alilolitamani.

Wengi mliniuliza kuhusu kile kiti. Jerry asikia kwamba Lucy yumo katika nyumba ya yule mwalimu wa kuimba. Aenda mbio, apigana na mtumishi mlangoni, aingia kwa kishindo akitumaini kuwafumania. Na tazama, ukumbi umejaa wageni waheshimiwa wamekaa kimya, na Lucy amesimama kando ya piano akiimba. Ushahidi aliokuwa akiutafuta ndio huo: mwalimu wa kuimba amfundisha mwanafunzi wake kuimba. Jerry akaa nyuma kwa aibu, aegemeza kiti chake, kiti chateleza, naye aanguka pamoja na meza kwa makelele. Lucy amwona, na sauti ya mwisho ya wimbo wake yageuka kuwa kicheko kidogo. Katika kicheko kile hamna hasira wala dharau. Nadhani ndipo anapotambua kwamba bado ampenda. Mwongozaji wa sinema, Leo McCarey, alikuwa na desturi ya kuja kazini bila maneno yote kuandikwa, akiwaacha waigizaji wajaribu mambo mbele ya kamera. Cary Grant, aliyekuwa Jerry, aliogopa mno utaratibu huo hata akaomba kuondolewa. Hakuondolewa, na McCarey akapata tuzo ya Academy ya uongozaji kwa kazi hii.

Baada ya hapo yaja habari ya kofia. Lucy amwita Armand ili amwombe amweleze Jerry kwamba usiku ule haukuwa na neno. Jerry atokea ghafla, na Armand aingia chumbani kujificha. Kofia yake yabaki. Lucy aificha, Mr. Smith, aliyefundishwa mchezo wa kutafuta vitu, airudisha. Lucy aificha tena. Mbwa airudisha tena. Jerry aivaa kwa kudhani ni yake, yamzama mpaka masikioni, ajitazama katika kioo na kushangaa. Kisha Dan na mama yake wabisha, Jerry naye akimbilia chumba kile kile, na sote tulisikia yaliyofuata.

Wanafunzi wa Kidato cha Nne wanaosoma Shakespeare wakumbuke leso ya Desdemona. Leso ile ilianguka, ikaokotwa, ikaonekana katika mikono isiyoipasa, na Othello akaua kwa ajili yake. Kofia hii nayo ni kitu kidogo kilichokutwa mahali pasipopasa, nayo pia yasema uongo, maana Armand aliitwa kwa ajili ya kusafisha jina la Lucy. Tofauti kubwa naiona katika mchukuzi. Leso ilichukuliwa na Iago, aliyekuwa na nia. Kofia yaletwa na mbwa, ambaye ataka kusifiwa tu. Mtunzi wa huzuni aupa wivu adui mwenye akili. Mtunzi wa kichekesho auacha ufanye kazi peke yake, nasi twaona ulivyo mpumbavu.

Kwetu kuna msemo kwamba mtalaka hatongozwi, yaani mume wa zamani hana haja ya kuanza upya, njia aijua. Sinema hii yaukataa msemo huo. Jerry ajua njia, ajua mlango, ajua hata mbwa, na bado hapati kuingia. Imembidi kuwa mchumba tena, apigwe na aibu, aanguke na kiti. Stanley Cavell, mwalimu wa falsafa wa Harvard, aliandika kitabu mwaka 1981 juu ya sinema za namna hii za miaka ya 1930 na 1940, ambamo wenye ndoa waachana ili wapate kuoana kwa mara ya pili wakijua wanalofanya.

Sasa nirudi kwenye ubishi wenu. Je, gari liliharibika kweli? Sinema haituonyeshi hata mara moja ile nyumba ya wageni, wala haituambii Jerry alikuwa wapi wakati aliposemekana yuko Florida. Niliitazama mara ya pili nikiwa na daftari, nikitafuta ushahidi kama Jerry, nikaukosa.

Mwisho wake wakumbuka: nyumba ya shangazi huko milimani, vyumba viwili, kati yao mlango mbovu unaofunguliwa na upepo, na saa ya ukutani yenye vinyago viwili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja na kijumba chake. Ni usiku wa siku ya 90. Ikipiga saa sita, talaka imetimia. Jerry akiri kwamba alikuwa mjinga. Lucy ataka kujua kama mashaka yamekwisha. Jerry asema yamekwisha, ila limebaki jambo moja linalomsumbua. Lucy ashtuka, nasi ukumbini tulinyamaza, tukijua ni nyumba ya wageni. Amwuliza ni jambo gani.

Jerry amwambia ni komeo la mlango huu.

Saa yapiga, na yule kinyago mwanamume, badala ya kurudi katika kijumba chake, amfuata mwenzake.