MBEGU YA KAHAWA NA KITALU CHAKE

Katika vibanja vya Bukoba na Muleba, ambamo mibuni hustawi pamoja na migomba, ni desturi ya siku nyingi kung'oa miche iliyojiotea chini ya mibuni mizee na kuipanda. Njia hiyo ni rahisi, lakini ina hasara. Robusta huchavushwa kwa chavua ya mti mwingine. Kwa hiyo mche wa mbegu huweza kutofautiana sana na mama yake, hata kama mama huyo huzaa vizuri.

Anayeotesha mbegu achume matunda mekundu kutoka mti wenye afya, ayamenye kwa mkono, na atupe mbegu zinazoelea majini. Zilizobaki zikaushwe kivulini, wala si juani, na zipandwe mapema, kwani uhai wake hupotea upesi. Kitaluni zifukiwe kina cha sentimita 1, upande bapa chini, zifunikwe nyasi na kumwagiliwa. Zikichipua, nyasi ziondolewe na kivuli kijengwe. Kivuli hicho kipunguzwe kidogo kidogo kabla miche haijahamishiwa shambani.

Palipo na mnyauko fusari, uliothibitishwa Kagera mwaka 1997, mche wa mbegu ni bahati nasibu: waweza kufa baada ya miaka ya kazi, ukiwa umeanza kuzaa. Hapo ifaayo ni miche ya vikonyo ya aina zenye ukinzani, zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI), yenye kituo Maruku. Makatibu wa vyama wanaombwa kuorodhesha mahitaji ya wanachama mapema, kabla ya mvua.