Deni la Ukweli katika Kijiji cha Thabai

Riwaya ya kihistoria ni masimulizi ya kubuni yaliyosimikwa juu ya matukio yaliyotokea kweli, na ubora wake haupimwi kwa wingi wa tarehe zilizomo bali kwa jinsi inavyoonyesha tukio kubwa la nchi likiingia jikoni, kitandani na moyoni mwa mtu ambaye jina lake halimo katika kumbukumbu yoyote ya serikali. Kwa kipimo hicho, ni vigumu kuipata riwaya ya Kenya iliyoipita A Grain of Wheat, yaani punje ya ngano, iliyochapishwa mwaka 1967 na Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wakati huo aliandika kwa jina la James Ngugi na alikuwa amekwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Kisa chenyewe huchukua siku chache tu zinazoizunguka tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru, lakini kumbukumbu za wahusika hurudi tena na tena kwenye hali ya hatari, kile kipindi kilichoanza 20 Oktoba 1952 ambapo serikali ya kikoloni ilijipa mamlaka ya kuwafunga watu bila kesi, kuhamisha vijiji vizima na kuwanyonga zaidi ya watu 1,000, ikisema kwamba inawakomesha Mau Mau, wapiganaji wa msituni walioupinga ukoloni.

Kijiji cha Thabai hakipo kwenye ramani, lakini kimefinyangwa kwa udongo wa Limuru, alikozaliwa mwandishi mwaka 1938, nchi ya vilima, baridi na chai ambayo mtu wa Silibwet au Mogogosiek, huko Bomet, angeitambua bila kuelekezwa. Hata kifo cha Gitogo, kijana kiziwi anayepigwa risasi riwayani kwa kuwa hakusikia amri ya kusimama, kina mzizi katika nyumba ya mwandishi mwenyewe, kwani ndugu yake wa baba mmoja, kiziwi pia, aliuawa namna hiyo hiyo.

Jina la kitabu limetokana na Injili ya Yohana, sura ya 12, mahali ambapo Yesu analinganisha kifo chake na mbegu isiyoweza kuzaa mpaka ife kwanza ardhini. Anayeonekana kuwa mbegu hiyo ni Kihika, kijana anayeisoma Biblia kama kitabu cha ukombozi, anayeingia msituni, anayemuua afisa wa kikoloni aitwaye Robson, na ambaye mwishowe ananyongwa hadharani. Wasomaji wengi hukomea hapo, wakamhesabu Kihika kuwa kafara na wengine kuwa wanufaika, na kwa kufanya hivyo wanaukosa moyo wa riwaya. Kihika alichagua kifo akijua kwamba kijiji kitamwimba. Kafara iliyo ngumu zaidi ni ya yule ambaye akinyamaza ataimbwa, na akisema ataangamia.

Mtu huyo ni Mugo, yatima aliyelelewa na shangazi mlevi, mkulima mpweke ambaye hakutaka lolote duniani ila kuachwa alime shamba lake kwa amani. Usiku Kihika alipokimbilia kibandani kwake na kumtaka aunde mtandao wa siri kijijini, Mugo alijiona amekabwa pande zote mbili, serikali huku na msitu kule, na akaenda kwa John Thompson, afisa wa kikoloni aliyechukua nafasi ya Robson, akamtaja Kihika. Baadaye alikamatwa kwa kumtetea mwanamke aliyekuwa akipigwa kwenye handaki la kazi ya lazima, akapelekwa katika kambi ya Rira, ambako hakukiri kiapo cha Mau Mau kwa sababu rahisi kwamba hakuwahi kula kiapo chochote. Wanakijiji waliusoma ukimya huo kuwa ushujaa, na ilipokaribia sikukuu ya uhuru wakamwomba awe msemaji mkuu wa kumkumbuka Kihika, yule yule aliyemuuza. Kambi ya Rira si ndoto ya mwandishi tu: katika kambi ya Hola, tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 11 walipigwa na walinzi mpaka wakafa.

Mbele ya umati uliomsubiri kama nabii, Mugo anasimama na kusema kwamba msaliti ni yeye. Ukombozi, kwa maana ya mtu kuinuliwa kutoka katika hatia yake, hutokea katika dakika hiyo, na inafaa kuangalia gharama yake pamoja na faida yake. Gharama ni uhai wake, kwani wapiganaji wa zamani, pamoja na bibi mzee Wambui aliyewahi kuwapelekea bastola msituni, wanamhukumu faraghani. Faida inamwendea Karanja, aliyekuwa kiongozi wa homgadi, yaani askari wenyeji waliowalinda wakoloni, ambaye wapiganaji walimdhania kuwa ndiye aliyemuuza Kihika na walikuwa tayari kumwangamiza. Mugo anamwokoa mtu asiyestahili kuokolewa, na ndipo riwaya inapogeuka kuwa zaidi ya sifa za mashujaa. Wambui mwenyewe baadaye anabaki na shaka iwapo ilikuwa haki kumhukumu mtu aliyejihukumu kwanza.

Upande wa mapenzi umebebwa na Gikonyo, fundi seremala, na mkewe Mumbi, dada yake Kihika. Gikonyo alikaa vizuizini miaka sita, akakiri kiapo kwa ajili ya hamu ya kumwona mkewe tu, kisha akarudi na kumkuta ana mtoto wa Karanja. Mumbi alikuwa amekataa vishawishi vya Karanja kwa muda mrefu, akachimba handaki, akalala njaa, na akaanguka siku moja tu, siku alipoambiwa kwamba mumewe yu hai na anarudi, furaha ilipomlegeza viungo. Gikonyo haulizi hayo. Anakusanya fedha na kumwadhibu mkewe kwa kimya, ingawa yeye pia ana aibu yake ya kukiri. Ni ungamo la Mugo linalomfungua macho: akiwa hospitalini na mkono uliovunjika, anaanza kufikiria kigoda atakachomchongea Mumbi kuwa zawadi, na anaamua kwamba mwanamke atakayemchonga humo awe mjamzito. Mumbi, kwa upande wake, hakubali kurudishwa kama mzigo uliosahaulika. Anataka wakae kwanza wazungumze. Katika kitabu kizima yeye ndiye mwenye haki zaidi ya kulipiza kisasi, na ndiye anayetamka kwamba damu iliyomwagika inatosha.

Kwa nyanda za chai za Bomet na Kericho, habari hii ya kuondoka, kurudi na kunyamaza si ngeni. Mwaka 1914 viongozi wa ukoo wa Talai wa Wakipsigis, waliokuwa maorkoiyot, yaani viongozi wa kiroho waliosikilizwa kuliko machifu wa serikali, walihamishiwa kwa nguvu nchi ya Wakikuyu, jirani ya huko kunakotokea riwaya hii. Mwaka 1934 sheria maalumu ilitungwa ili ukoo wote uondolewe, na watu wapatao 700, watoto wakiwamo, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Homa Bay ya leo, ambako malaria na ukame viliwapukutisha. Waliorudi karibu na uhuru walikuta ardhi ikiwa na wenyewe wengine na mashamba ya chai yakiwa yamestawi. Nyumba ngapi zilikuwa na Gikonyo wao, na Mumbi wao, hakuna riwaya iliyokwisha kuhesabu.

Ungamo la upande wa pili nalo limekuja nusunusu. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya hali ya hatari na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228, lakini Watalai hawakuwamo, na mwaka 2022 wao pamoja na Wakipsigis waliopokonywa ardhi walifikisha malalamiko yao katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Ngũgĩ alifariki tarehe 28 Mei 2025 bila riwaya ya namna yake kuandikwa juu ya Gwassi. Waliozaliwa huko katika miaka ya mwisho ya uhamisho sasa ni mababu na mabibi. Mwenye mzee wa aina hiyo nyumbani na amketishe, amsikilize, na aandike mwaka huu.