Hakukataliwa, Wala Hakukubaliwa



Mwishoni mwa Machi, baada ya Swala ya Alasiri, mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia madrasa pamoja na bintiye. Binti alikuwa ameomba nafasi katika vyuo vikuu vinne vya Marekani. Viwili vilimkataa. Cha tatu, kisicho na jina kubwa, kilimkubali na kumwahidi msaada wa karo. Kile alichokitamani kuliko vyote kilimjibu kuwa ametiwa katika orodha ya wanaosubiri. Mama akaniuliza, "Sheikh, hii ni ndiyo au ni la?"

Si ndiyo, wala si la. Vyuo vyenye ushindani mkubwa havijui ni wangapi kati ya waliokubaliwa watakaokuja. Siku ya mwisho ya kujibu, kwa kawaida, ni tarehe 1 Mei. Hapo ndipo chuo huhesabu mapengo na kuitazama orodha. Aghalabu majina hayo hayana wa kwanza wala wa mwisho. Huitwa yule aliyefaa kuziba pengo lililopatikana, na iko miaka ambayo chuo hakimwiti hata mmoja.

Binti alikuwa ameazimia kutokijibu kile chuo kilichomkubali, akiona kwamba kukijibu ni kukata tamaa. Hapo nilimzuia. Msaada aliokuwa nao mkononi ungepotea tarehe hiyo ikipita. Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali, na ngamia wake alikuwa yule asiyemtazama. Nikamwambia akubali kwa maandishi na alipe arbuni kabla ya muda kwisha. Kulipa arbuni chuo kimoja huku ukisubiri jibu la kingine hakuna ubaya. Ubaya ni kulipa viwili na kuviahidi vyote kuwa utakwenda. Ajue tu kwamba akihama, arbuni kwa kawaida hairudi, nayo yaweza kufika mamia ya dola. Asiyejiweza na aandike mapema kuomba asamehewe.

Kisha amjibu yule wa orodha. Wengi hudhani jina likishatiwa limetosha, ilhali vyuo hutaka mwombaji athibitishe kuwa angali anasubiri. Chuo kikiruhusu, aandike barua moja ya ukurasa mmoja: matokeo mapya, kazi aliyoifanya tangu aombe, na sababu ya kukitaka chuo hicho. Maneno "mkinikubali nitakuja" yaandikwe kwa chuo kimoja tu, na yawe kweli. Ami na wajomba walio ng'ambo wasianze kuwapigia simu maofisa wa chuo. (Nawajua, simu wanaipenda.)

Jambo linalosahauliwa ni fedha. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii uwezo wa mwombaji wa kigeni wanapomchagua. Vyuo vingi vingine huuangalia, na kufikia Juni fungu la msaada huenda limekwisha. Basi iulizwe mapema: akiitwa, msaada utakuwepo? Sioni busara ya kuuza shamba la mirathi kwa ajili ya jina la chuo. Tena akiitwa Julai, masomo huanza Agosti au Septemba, na katikati kuna fomu ya I-20, ada za viza na usaili katika Ubalozi wa Marekani, Nairobi. Pasipoti iwe tayari tangu sasa. Wala nafasi ya hapa nyumbani kupitia KUCCPS isiachwe ipite.

Nyumbani nako, msimuulize mtoto kila asubuhi, "Wamekuita?" Huyu wetu aliniambia swali hilo lilimuuma kuliko barua yenyewe, na mamake akainamisha uso.

Arbuni ililipwa wiki ileile. Barua aliiandika usiku baada ya Isha, akaniletea asubuhi nimsomee. Nilimfutia sentensi mbili za kusihi, nyingine nikaziacha kama zilivyo.