Barabara za Changarawe Magharibi ya Nairobi

Mtu asimamaye Upper Hill alfajiri ya Jumapili, kabla magari hayajajaa barabarani, aweza kuona jambo ambalo siku za kazi hufichwa na moshi na majumba marefu. Upande wa mashariki na kusini nchi ni tambarare hata upeo wa macho. Ndizo mbuga za Athi. Upande wa magharibi nchi yainuka polepole, mgongo baada ya mgongo, mpaka vilima vya Ngong na mashamba ya chai ya Limuru. Mji wa Nairobi ulianzishwa mwaka 1899 penye mpaka wa nchi hizo mbili, kwa kuwa wajenzi wa reli walitaka mahali pa sawasawa pa kuweka karakana zao kabla ya kuipandisha reli milimani. Wakubwa wa reli wakajijengea nyumba juu ya kilima hiki, mbali na matope ya bondeni. Siku hizi nyumba nyingi za namna ile zimekwisha kuondoka na maofisi yamechukua mahali pake.

Mpanda baisikeli anayeanza safari hapa yampasa kuijua habari hiyo ya mpaka, maana ndiyo itakayomwambia kama siku yake itakuwa ya raha au ya taabu.

Katika miaka ya karibuni umeenea ulimwenguni mchezo wa kupanda baisikeli katika barabara za changarawe na udongo, mbali na lami. Huko Kansas, Marekani, yako mashindano yaliyoanza mwaka 2006, ambayo njia yake mashuhuri ni ya maili 200. Kenya nayo ilipata mashindano ya namna hiyo mwaka 2021, upande wa Maasai Mara, na mwaka 2022 ubingwa wa dunia wa mchezo huo ulishindaniwa kwa mara ya kwanza nchini Italia. Walakini mkulima wa Kikuyu au Limuru akiambiwa kuwa jambo hili ni jipya, huenda akacheka. Baisikeli nyeusi ya mzigo, ile ambayo watu huiita Black Mamba, imebeba maziwa, kabeji na magunia ya viazi katika barabara hizo hizo kwa miaka mingi, nayo haina giya hata moja.

Baisikeli inayotengenezwa mahsusi kwa kazi hii ina usukani uliopinda kama wa baisikeli ya mashindano, lakini matairi yake ni mapana zaidi, aghalabu milimita 35 hadi 45, wala hayajazwi upepo mpaka yakawa magumu kama jiwe. Tairi lenye upepo wa kadiri hulala juu ya changarawe na kuishika; tairi gumu hurukaruka, na mpandaji huchoka mikono kabla ya miguu. Asiye na baisikeli ya namna hiyo asikate tamaa. Baisikeli yo yote yenye matairi mapana na breki nzima yatosha.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Mvua inyeshayo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, upande huu wetu, huteremka kuelekea mashariki na kusini-mashariki mpaka mbugani. Mito hiyo imekata mabonde katika ardhi, na kati ya bonde na bonde pamebaki migongo mirefu iliyolala sambamba kama vidole vya mkono. Njia za zamani zilifuata migongo hiyo, na barabara nyingi za leo zimezifuata njia hizo. Basi mtu afuataye mgongo hupanda kidogo kidogo, hata pengine hatambui kwamba anapanda. Lakini akatae mgongo, akate moja kwa moja kutoka kidole hiki hadi kile, atateremka mpaka mtoni na kupanda tena, mara tano au sita kabla ya chakula cha mchana, na jioni atasema kwamba nchi ile ni ya milima mikali. Nchi ni ile ile. Tofauti ni njia aliyoichagua.

Njia iliyo njema kwa mgeni yaanzia Upper Hill kwa Barabara ya Ngong, kupita Dagoretti Corner na uwanja wa mbio za farasi, mpaka Karen. Sehemu hii ni ya lami na magari ni mengi, na kwa sababu hiyo yafaa kuondoka asubuhi mapema. Kutoka Karen, mwenye kutaka upepo na mandhari huenda moja kwa moja mpaka mji wa Ngong, kisha juu vilimani penye mitambo ya umeme wa upepo. Kilele kirefu huko chafika mita 2,460 hivi, na kupanda kwake si mchezo. Mwenye kutaka safari ya upole hugeuka kulia kufuata njia ya Dagoretti, Thogoto na Kikuyu. Njia hii si ngeni. Misafara kutoka pwani ilikuwa ikipita Ngong na Dagoretti kununua chakula kabla ya reli kuwako, na mwaka 1890 Lugard alijenga boma hapo Dagoretti.

Karibu na mji wa Kikuyu liko bwawa la matete la Ondiri, ambalo ndilo chimbuko la Mto Nairobi. Juu yake majani yamefungamana kama mkeka unaoelea, na mtu akikanyaga, ardhi hutikisika. Mpanda baisikeli na apumzike ukingoni, asijaribu kukatiza.

Toka Kikuyu, vijia vya udongo mwekundu kati ya mashamba hupanda kwa upande wa Muguga mpaka Limuru. Upper Hill ni mita 1,700 hivi juu ya bahari. Limuru ni zaidi ya mita 2,200. Kupanda huko kote kumetawanyika katika safari ya kilomita 40 hivi, ndiyo maana mtu mzima mwenye afya hukuweza. Atokaye pwani, hata hivyo, aende taratibu siku za kwanza, kwa kuwa hewa ni nyepesi.

Katika kijiji cha Mai-a-Ihii, papo hapo Kikuyu, ndipo alipoishi David Kinjah, aliyekuwa nahodha wa timu ya baisikeli ya Kenya, akiwafundisha vijana. Miongoni mwa waliomfuata alikuwako mtoto wa Karen, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Mwaka 2006 wote wawili waliiwakilisha Kenya katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne. Baadaye Froome, akiwa chini ya bendera ya Uingereza, alishinda Tour de France mara nne: mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017.

Majira nayo yaangaliwe. Mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, hugeuza udongo mwekundu kuwa utelezi. Hata hivyo udongo mwekundu hukauka upesi. Ule mweusi wa mbugani, upande wa kusini, hunata katika magurudumu mpaka yasizunguke, na mwenye baisikeli huishia kubebana nayo. Wakati wa kiangazi hatari ni changarawe iliyolegea kwenye miteremko. Breki zishikwe kabla ya kona, si ndani yake. Mwezi wa Agosti 2022 Sule Kangangi, Mkenya aliyekuwa hodari sana katika mchezo huu, alianguka na kufa katika mashindano ya changarawe huko Marekani.

Barabara nyingi za udongo za Kikuyu na Limuru zimekwisha kutiwa lami. Mpandaji asinung'unike. Mkulima ambaye maziwa yake yalikuwa yakiharibika kila gari liliponasa matopeni ameingojea lami hiyo muda mrefu. Lakini pamoja na lami huja mwendo wa kasi, na watoto waendao shule, ng'ombe, na mwenye baisikeli ya mzigo bado wamo barabarani, mara nyingi bila njia ya kando. Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipitisha mwaka 2015 mpango wa kuwatengea njia waendao kwa miguu na kwa baisikeli. Nje ya mji njia hizo ni chache mno.

Kurudi mjini, njia nzuri ni ya Tigoni, kati ya mashamba ya chai, zao lililopandwa Limuru kwa mara ya kwanza mwaka 1903. Kisha huteremka Banana na Ruaka, ambapo magari ni mengi, mpaka msitu wa Karura. Msitu huu wenye zaidi ya hekta 1,000 ulikuwa karibu kugawiwa wajenzi wa majumba, na mwezi wa Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alipigwa na walinzi, akajeruhiwa kichwani, alipokwenda kupanda mti humo. Leo baisikeli zaruhusiwa katika njia zilizowekewa alama. Kiingilio hulipwa, nao watu hutakiwa kutoka kabla ya giza. Basi atokaye Limuru asikawie kwenye chai.