Jitayarishe Kabla ya Kusimama Mbele ya Kamera



Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hilo ni la kweli sokoni Keroka, mahali ambapo mnunuzi huushika mkungu wa ndizi, akaugeuza, akaamua. Lakini mnunuzi aliye Nairobi hawezi kuushika mkungu ulio Matutu. Yeye huona video tu katika simu yake, na kwa dakika moja huamua kama atakupigia au la. Basi mkulima wa Nyansiongo, Lietego, Isoge au Matutu anayetaka kuuza mbali, yampasa kujua kusimama mbele ya kamera, kama wazazi wake walioingia katika mashamba ya skimu miaka ya 1960 walivyopaswa kujifunza majani-chai, pareto na ng'ombe wa maziwa.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika Tanganyika, mpango ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu za mafunzo, na wenyeji ndio waliocheza. Filamu zilichukuliwa kwa lori zikaonyeshwa hata Kenya na Uganda. Sauti ilikuwa katika sahani za santuri, mbali na picha, na kuvipatanisha viwili hivyo kulikuwa kazi ngumu. Tangu mwaka 2012 kipindi cha televisheni cha Shamba Shape Up kimewatembelea wakulima wa Kenya mashambani mwao. Leo simu moja hunasa picha na sauti pamoja. Kilichobaki ni wewe kujitayarisha.

Kwanza, tayarisha maneno. Mnunuzi ataka kujua mambo matano: wewe ni nani, unauza nini, kiasi gani, mali iko wapi, na itapatikana lini. Andika mambo hayo matano kwa herufi kubwa juu ya kipande cha katoni, mwenzako akishike karibu na kamera. Usikariri kila neno kama mtoto wa shule, maana ukisahau moja utapotea lote. Dakika moja yatosha.

Taja kiasi kwa kilo au lita. Mkungu wa jirani yako si sawa na wako, lakini kilo ni kilo popote. Na ikiwa unauza maziwa, usitaje lita za wakati wa nyasi nyingi tu. Taja pia zile unazoweza kutoa mwezi wa Januari, mvua inapopungua.

Pili, chagua saa na mahali. Kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri, na mvua juu ya mabati hufunika sauti yote. Piga picha asubuhi, kama saa tatu, kabla jua halijafika utosini. Uso wako uelekee kwenye mwanga. Usisimame mlangoni huku mwanga ukiwa nyuma yako, maana utaonekana mweusi kama kivuli. Usisimame katikati ya migomba pia, maana majani hutia madoa ya jua na kivuli usoni. Zima redio, na kaa mbali na mashine ya kusaga unga. Mpiga picha asimame hatua mbili kutoka kwako ili sauti isikike, asitikisike, na kabla ya kuanza alifute jicho la kamera kwa kitambaa safi. Zuieni simu zisiingie.

Tatu, mavazi. Huna haja ya suti. Nguo safi za kazi na buti zilizooshwa humwonyesha mnunuzi kwamba wewe ni mkulima kweli, tena nadhifu. Epuka shati la mistari myembamba sana, kwa kuwa kamera huifanya ichezecheze. Kofia pana hutia kivuli machoni. Mtu asiyeonekana macho hushukiwa.

Nne, kusema. Litazame jicho la kamera, si sura yako katika kioo cha simu. Kamera ikianza, nyamaza kidogo, kisha sema polepole. Mara ya kwanza karibu kila mtu hutetemeka. Rudia mara tatu, uchague iliyo bora. Ekegusii yafaa kwa mnunuzi wa Nyamira au Kisii, lakini kwa mnunuzi wa mbali sema Kiswahili. Shika mali yako mkononi unapoitaja.

Tano, jilinde. Kisionekane kitambulisho, hati ya shamba wala namba ya siri ya M-Pesa. Omba ruhusa kabla ya kumpiga picha jirani au kibarua. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu mwaka 2019. Mtu akikupigia akisema ataleta lori, ila utume kwanza pesa za usajili, huyo si mnunuzi. Na ukimlipa mpiga picha, patana naye kabla: gharama ni kiasi gani, na nani atakaa na video hiyo.

Mwisho, na hili ndilo kubwa kuliko yote: usionyeshe usichokuwa nacho. Tuseme umechagua mikungu miwili mikubwa, ukasema yote iko hivyo. Lori latoka Nairobi usiku kucha, lafika kwako, dereva akuta ndizi nyembamba. Atarudi na lori tupu, na video yako ingali simuni mwake. Atawaonyesha wenzake. Siku ile jirani yako mwenye ndizi nzuri atakapotuma video yake, ataulizwa, “Wewe nawe watoka skimu ile?” Uongo wa mtu mmoja utakuwa umefunga njia ya watu wengi.

Basi tengeneza shamba kwanza, kamera ifuate. Kizuri bado chajiuza, lakini mnunuzi wa mbali lazima akione kama kilivyo.