Wazazi wa Nyuma ya Waya

Kwenye tenisi ya watoto, mwamuzi wa kukaa juu ya kiti ni anasa. Iwe Nairobi au Florida, raundi za mwanzo mara nyingi huwaacha watoto wawili peke yao kiwanjani. Kila mmoja huamua mipira inayodondoka upande wake wa wavu, na mwenzake hulazimika kukubali. Anayeanzisha mpira hutaja pointi kwa sauti. Mwamuzi mmoja huzunguka viwanja vitatu vinne na hufika pale ugomvi unapozuka. Desturi yasema mpira wenye shaka ni haki ya mpinzani. Kwa hiyo mtoto wa miaka 12 anatarajiwa kukiri kwamba mpira umegusa mstari, tena kwenye pointi ya kuamua seti, huku mama yake aliyeomba ruhusa kazini amebana vidole kwenye waya.

Sheria ya pili inamhusu mama huyo: akae kimya. Makofi ruksa, kufundisha hapana. Shirikisho la kimataifa, ITF, lililegeza kamba hiyo kuanzia 2025, lakini likawaachia waandaaji waamue kama wataruhusu maelekezo kutoka nje. Kimya cha miaka mingi kimeshazaa ishara zake. Baba huvua kofia akaivaa tena. Mama huinua chupa ya maji. Mwingine hukohoa kila mwanawe anapotaka kuanzisha mpira wa pili, na wazazi wa upande ule humkata jicho, ingawa nao wana kikohozi chao. Ukitaka kujua nani kamzaa nani, usiulize. Ngoja mtoto apige mpira nje, uone macho yake yanakimbilia wapi.

Wengi wao hawajuani majina. Ni Mama Ryan na Baba Kevin, basi. Huazimana miavuli, hugawana chapati na chai ya chupa, hupeana namba za fundi wa kufunga nyuzi za raketi asiyelangua. Ni urafiki wa kweli, ila una mpaka. Ratiba ikibandikwa, ikaonekana Ryan kapangwa na Kevin, salamu hupungua mpaka mechi ipite.

Ratiba yenyewe haina huruma. Wachezaji 32 wakianza, 16 wameshatoka baada ya raundi ya kwanza, na mwisho wa wiki 31 wamefungwa. Kijana wa mpira wa miguu akishindwa ana wenzake kumi wa kugawana nao lawama, na Jumamosi ijayo atacheza tena. Huyu wa tenisi hubeba mkoba wake, humpa mpinzani mkono kwenye wavu (hata kama ameibiwa mistari miwili, mkono lazima), kisha hutembea hadi gari lilipo.

Hapo kwenye gari ndipo desturi ya jamii hii ilipo hasa. Foleni ya Waiyaki Way jijini Nairobi jioni ni ndefu, milango imefungwa, na mtoto hana pa kwenda. Mzazi huanza kwa upole. "Ulijisikiaje?" Kabla hawajafika Westlands upole umekwisha: mbona hukumchezea bekihendi yake, si tuliiona ni dhaifu, mbona ulipokuwa mbele 4-1 ulianza kucheka, unajua safari hii imenigharimu shilingi ngapi? Mtoto hutazama nje dirishani. Nyumbani nyanya yake anauliza matokeo, na jibu linatolewa na mzazi.

Swali la shilingi si la kupuuza. Raketi moja haitoshi, kwa sababu nyuzi zikikatika katikati ya seti mchezo haungoji. Kuna kocha, kuna ada ya kiwanja, kuna mipira. Akifika miaka 13 anaruhusiwa kuingia kwenye mashindano ya vijana ya ITF, ambayo madaraja yake huanzia J30 na kupanda hadi J500. Namba hiyo ndiyo pointi za bingwa. Nafasi ya mchezaji duniani huhesabiwa kwa matokeo yake sita bora ya mmoja mmoja, na robo ya pointi za sita bora za wawili wawili. Mtoto wa Ulaya huzitafuta pointi hizo kwa treni. Wa Nairobi mara nyingi huzifuata Tunisia, Misri au Afrika Kusini, kwa ndege na wakati mwingine viza.

Basi watu huitana. Chama cha mama hutoa chake, shangazi hutuma kwa M-Pesa, kanisani hupitishwa bahasha. Harambee ni mila nzuri, na bila hiyo wengi wasingevuka hata mpaka wa Namanga. Lakini kila aliyechanga hujiona ana hisa. Msichana wa miaka 14 akitoka raundi ya kwanza huko Sousse, Tunisia, simu yake hupokea rambirambi za ukoo mzima. Wanaoandika juu ya mashinikizo ya watoto wa tenisi Marekani humtaja baba mkali. Kwetu huenda baba akawa mpole kabisa, na mzigo ukaja umefungwa kwa upendo wa watu hamsini.

Akina baba wakali wana historia yao. Mike Agassi, bondia wa Olimpiki aliyetoka Iran, alimsimamisha mwanawe Andre mbele ya mashine ya kurusha mipira huko Las Vegas, takriban mipira 2,500 kwa siku. Katika kitabu chake cha 2009 Andre alikiri kwamba aliuchukia mchezo uliompa utajiri. Jennifer Capriati aliingia tenisi ya kulipwa Machi 1990, kabla hajatimiza miaka 14, na mwaka huohuo akafika nusu fainali Ufaransa. Kufikia 1994 alikuwa ameacha mashindano na amekamatwa na polisi kwa bangi. Ndipo chama cha wanawake, WTA, kikaweka vikwazo vya umri. Na yuko Christophe Fauviau, baba wa Kifaransa aliyehukumiwa miaka minane jela mwaka 2006 kwa kutia dawa ya usingizi kwenye maji ya wapinzani wa watoto wake. Mmoja wa wapinzani hao alikufa kwa ajali akiendesha gari baada ya mechi. Huyo tumweke peke yake. Lakini hata Fauviau alianza kwa kusimama tu nyuma ya waya.

Ukiwatajia visa hivyo, kila mzazi wa Nairobi hujibu kwa jina moja: Angella Okutoyi. Mama yake alifariki baada ya kujifungua mapacha, na nyanya aliyewalea alikuwa mfanyakazi wa usafi katika shule ya msingi ya Loresho. Hapo ndipo Angella alipojifunza tenisi. Julai 2022 yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon kwa 3-6, 6-4, 11-9. (Mmoja wa Wakanada waliofungwa siku ile, Victoria Mboko, binti wa wazazi kutoka Kongo, alitwaa ubingwa wa Montreal mwaka 2025.) Okutoyi akaenda Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na 2024 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra.

Wazazi husimulia habari hii kama hesabu: raketi, Wimbledon, chuo. Chuo hasa ndicho kinachowakosesha usingizi. Kwa miaka mingi sheria za vyuo vya Marekani ziliruhusu timu ya wanawake ya daraja la kwanza ufadhili kamili 8, na ya wanaume 4.5 tu, tena wakigombania na vijana wa dunia nzima. Baba Kevin analijua hilo na bado anasimama juani. Kinachorukwa katika usimulizi ni kwamba nyanya wa Loresho hakuwa na mpango wa tenisi wa kumsukumia mtu. Alikuwa na kazi, na kiwanja kilikuwa karibu.

Vilabu vyetu vinaweza kuanza na jambo moja lisilo na gharama: viti vya wazazi viondolewe kwenye waya vipelekwe kwenye mkahawa, na matokeo yaletwe na mtoto mwenyewe.