Ukihamisha barua pepe ya biashara, usipoteze oda

MWENYE duka akihama hubandika tangazo mlangoni ili wateja wajue alikokwenda. Barua pepe ya biashara nayo ikihamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine inahitaji tangazo, na tangazo hilo huwekwa kwenye mfumo wa majina ya intaneti, yaani DNS.

Tuseme chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kina anwani inayoishia na jina lake la .co.tz. Mnunuzi wa nje akituma oda, seva yake huuliza kwanza DNS: barua za jina hili zipelekwe wapi? Jibu hutolewa na rekodi iitwayo MX, inayotaja jina la seva ya kupokea barua.

Tatizo ni kwamba jibu hilo huhifadhiwa na waliouliza, kwa muda unaopangwa na kipimo cha TTL. Kikiwa sekunde 86,400, yaani saa 24, baadhi ya barua zinaweza kuendelea kwenda seva ya zamani siku nzima baada ya kuhama.

Kwa hiyo, siku mbili kabla ya kuhama, mwambie fundi wako apunguze TTL hadi sekunde 300, ambazo ni dakika tano. Afungue anwani zote kwenye seva mpya, kwani seva isiyoijua anwani huikataa barua. Hapo ndipo abadilishe MX. Seva ya zamani isizimwe haraka. Iachwe siku kadhaa, na barua zilizoangukia huko zichukuliwe.

Kupokea ni nusu ya kazi. Rekodi ya SPF huorodhesha seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, na DKIM huthibitisha saini ya barua. Tangu Februari 2024, Gmail inamtaka kila anayetuma barua kwa wateja wake awe na angalau moja kati ya hizo. Ukisahau kuiandikisha seva mpya, ankara yako inaweza kukataliwa au kutupwa kwenye barua taka, nawe ukabaki kungoja malipo.

Mwisho, hakikisha jina la .co.tz limesajiliwa kwa jina la chama au biashara yako, na nywila yake mnayo wenyewe. Likiwa mikononi mwa fundi aliyetengeneza tovuti, siku akiondoka hamtaweza kubadilisha chochote.